Sinia moja, simu tano: mlo wa familia unafanya nini na haufanyi nini

Kila shule zinapofungwa mwezi Desemba, ujumbe ule ule huanza kuzunguka katika makundi ya WhatsApp ya ukoo na ya mtaa: kwamba familia inayokula pamoja watoto wake hawaharibiki, kwamba simu imeua sebule, kwamba zamani watu walikula wakizungumza na ndiyo maana kulikuwa na adabu. Kichekesho ni kwamba mara nyingi ujumbe huo husomwa na watu walioketi chumba kimoja, kila mmoja akiusoma katika simu yake. Baadhi huitikia "Amina" na kuusambaza. Wengine huuliza maswali ambayo hayapati jibu. Je, tukila pamoja huku taarifa ya habari ya saa 2 usiku ikiendelea, hilo linahesabika? Mzazi anayerudi kazini saa 4 usiku amekwisha kushindwa? Na mtoto anayezungumza na bibi yake kwa simu ya video, naye aambiwe aizime? Makala haya yanajaribu kuyafungua mafundo hayo, kwa sababu ndani ya ushauri huo mmoja kuna mambo kadhaa yaliyofungwa pamoja: mengine yana ushahidi mzuri, mengine yana ushahidi hafifu, na moja ni kumbukumbu iliyopambwa.

Tuanze na maneno yenyewe. Watafiti wengi wanapozungumza kuhusu mlo wa pamoja, wanamaanisha chakula ambacho mtoto na angalau mzazi au mlezi wake mmoja wanakila mahali pamoja kwa wakati mmoja. Maana hiyo haidai meza wala viti, haidai baba na mama wawepo wote, wala haidai kiwe chakula cha usiku; chai ya asubuhi na mihogo ya kuchemsha juu ya mkeka inatosha. Muda wa skrini ni muda ambao macho ya mtu yako kwenye kioo cha simu, televisheni, tableti au kompyuta, na muda usio na skrini ni kipindi ambacho watu wa nyumba moja wamekubaliana mapema kwamba vioo hivyo vyote vitapumzika. Neno "wamekubaliana" lina uzito wake. Baba anayewanyang'anya watoto simu kisha akaketi kutazama mpira hajatenga muda usio na skrini. Amewaadhibu watoto tu. Na ukaribu wa kifamilia, ambao hutajwa sana bila kufafanuliwa, nitautumia hapa kwa maana moja nyepesi: mtu kuwa na uhakika kwamba akisema jambo nyumbani, yupo atakayelipokea.

Jogoo na mapambazuko

Dai kubwa kuliko yote ni kwamba kula pamoja humkinga mtoto na ulevi, dawa za kulevya na kufeli shuleni. Halikuzuka hewani. Kuanzia miaka ya 1990, kituo kimoja cha utafiti wa uraibu kilichohusishwa na Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilitoa ripoti mfululizo zilizoonyesha kwamba vijana wanaokula na familia zao jioni tano au zaidi kwa wiki walikuwa na uwezekano mdogo wa kuvuta sigara, kunywa pombe na kutumia bangi kuliko wenzao wanaokula na familia mara chache. Takwimu hizo zilikuwa za kweli kwa maana kwamba ndivyo vijana walivyojibu walipoulizwa. Kosa lilikuja katika hatua iliyofuata, pale magazeti na wahubiri wa malezi walipogeuza "wanaokula pamoja hawavuti" kuwa "hawavuti kwa sababu wanakula pamoja".

Wahenga wetu walisema jogoo akiwika asiwike kutakucha. Jogoo huwika, kisha kunakucha, siku baada ya siku, na mtu mgeni kabisa duniani angeweza kuapa kwamba jogoo ndiye anayeyaleta mapambazuko. Mlo wa pamoja unaweza kuwa jogoo wa namna hiyo. Familia inayoweza kuketi pamoja jioni tano kwa wiki, mara nyingi, ni familia ambayo mzazi ana kazi yenye saa zinazojulikana, haishi mbali na kazi hiyo kiasi cha kukaa saa mbili kwenye foleni, ina uhakika wa chakula, na wakubwa wake hawajakosana. Mambo hayo yenyewe humsaidia mtoto, awe anakula na wazazi au anakula peke yake kwenye ngazi ya nyuma.

Mwaka 2012 watafiti watatu, Daniel Miller, Jane Waldfogel na Wen-Jui Han, walichapisha uchunguzi wa watoto zaidi ya 21,000 wa Marekani wenye umri kati ya miaka 5 na 15. Walipozingatia tofauti za kipato, kazi za wazazi, shule na hali nyingine za nyumbani, uhusiano kati ya idadi ya milo ya pamoja na maendeleo ya shuleni au tabia ulikaribia kutoweka. Mwaka huo huo Kelly Musick na Ann Meier walitoa picha ya katikati: sehemu kubwa ya faida inayosifiwa ilitokana na mambo mengine ya familia, lakini dalili za huzuni ya muda mrefu kwa vijana zilipungua kidogo kadiri milo ya pamoja ilivyoongezeka, na hata hilo lilitegemea kama mzazi na kijana walikuwa wanaelewana. Hapa kuna jambo ambalo ujumbe wa WhatsApp haulisemi. Zipo nyumba ambazo chakula cha usiku ndicho kikao cha mashtaka: ripoti ya shule hufunguliwa ugali ukiwa bado unatoa moshi, na kila tonge linasindikizwa na lawama. Mtoto wa nyumba hiyo anakula na wazazi wake jioni saba kwa wiki, na kila jioni anatamani angekuwa kwingine.

Ushahidi wa aina nyingine ni jaribio, ambapo mtafiti humfunika jogoo kwa tenga ili aone kama kutakucha. Majaribio ya namna hiyo kuhusu milo ya familia ni machache, ila mojawapo lilifanyika Berlin na kuchapishwa mwaka 2023. Jozi 50 za mzazi na mtoto, watoto wakiwa na umri wa miaka 6 hadi 11, zilikula mara mbili: mara moja kwa muda wao wa kawaida, kama dakika 20, na mara nyingine kwa dakika 10 zaidi. Siku ya mlo mrefu watoto walikula kama vipande saba zaidi vya matunda na mboga, ambavyo vilikuwa vimekatwa vidogo vya kutia kinywani mara moja, na wala hawakuongeza mkate. Ni jambo dogo, halihusu dawa za kulevya wala alama za mtihani, lakini limethibitishwa kwa njia ya haki: dakika kumi za kutoharakisha, pamoja na papai lililokatwa tayari, zina kazi yake.

Maneno yanayopikwa pamoja na chakula

Ikiwa idadi ya milo peke yake haielezi mengi, basi ndani ya mlo kuna nini? Jibu lenye uzito zaidi ni mazungumzo. Catherine Snow wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walirekodi familia za kipato cha chini zenye watoto wadogo zikiwa zinakula, wakayasaka katika mazungumzo hayo maneno adimu, yaani yale ambayo mtoto hayasikii kila siku. Watoto walikutana na maneno adimu mengi zaidi wakati wa chakula kuliko waliposomewa vitabu vya hadithi. Sababu yake si ngumu kuielewa. Kitabu cha mtoto huandikwa kwa maneno mepesi kwa makusudi, lakini watu wazima wakila hueleza kwa nini fundi hakutokea, kwa nini mchele umepanda bei na nani amekosana na nani kwenye kikoba, na maelezo hayo hayana mhariri wa kuyalainisha. Mtoto wa mjini ambaye kwao hununuliwa tui la pakiti anaweza kumaliza darasa la saba bila kulisikia neno kifumbu, yaani chujio la tui, wala chicha, makapi ya nazi, na hakuna mwalimu atakayemfundisha, kwa sababu makao ya maneno hayo ni jikoni.

Huko Atlanta, Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory walitunga maswali 20 ya kumuuliza mtoto kuhusu ukoo wake, kama vile wazazi wake walikutana wapi na jina lake lilitoka kwa nani. Watoto waliojua mengi walielekea kujiamini zaidi na kuhisi kwamba maisha yao yamo mikononi mwao. Wazazi wengi waliposikia hivyo walitaka orodha ya maswali ili wawakaririshe watoto majibu, na Duke mwenyewe ikambidi aonye kwamba hiyo si dawa. Majibu hayo humfikia mtoto polepole, kwa kukaa mara nyingi na watu wanaokumbuka, na ni kule kukaa kunakomjenga. Ni kama mtu aliyeona kwamba wavuvi hodari wana viganja vigumu, akaamua kuvisugua viganja vya mwanawe kwa jiwe.

Ni hapa sasa ambapo ushauri ulioshonwa ng'ambo huanza kutubana kwapani. Tafiti hizo zilifanyika katika nyumba ambazo watu huzungumza wakati wa kula. Kwetu, katika nyumba nyingi za pwani na za bara, mtoto anayeongea sana mbele ya chakula huambiwa ale kwanza, maneno yatafuata. Kinachofundishwa kwenye sinia ni kitu kingine: kunawa mikono kwa zamu, mdogo akimshikia mkubwa birika, kusema bismillahi au kusubiri sala iishe, kula kwa mkono wa kulia, kula kilicho mbele yako bila kuchimba upande wa mwenzako, kutogusa kitoweo mpaka mkubwa akigawe, kutonyanyuka mapema na kumwacha mgeni akila peke yake kama aliyeachwa kituoni. Mtu aliyelelewa hivyo amefundishwa kuwasoma wenzake kwa macho, akajua nani bado ana njaa na nani anajizuia ili wadogo wapate. Huo nao ni ukaribu, ingawa kinasa sauti hakingeunasa.

Na ile hadithi ya kwamba zamani baba, mama na watoto wote walikula mahali pamoja ndiyo kumbukumbu iliyopambwa niliyoitaja. Katika nyumba nyingi za Waswahili, wanaume walikula barazani au sebuleni pamoja na wageni, wanawake walikula uani, na watoto walikuwa na sinia lao. Katika jamii nyingi za bara, baba alipelekewa chakula chake peke yake. Mzee wa leo anayesema "sisi tulikula pamoja" kwa kawaida anakumbuka kula na ndugu na binamu zake chini ya jicho la bibi au shangazi, wala si kula na baba yake. Kwa hiyo mzazi anayejilaumu kwa kushindwa kuirudisha nyumbani meza ya watu wanne au watano wanaotazamana na kuulizana siku ilikwendaje, anajilaumu kwa kupoteza kitu ambacho huenda ukoo wake haujapata kuwa nacho. Anaweza kukianzisha, kama anakipenda. Hawezi kukirudisha.

Mazungumzo yalikuwapo, ila saa yake ilikuwa nyingine. Vyombo vilipokwisha kuondolewa, mtu alisema "Paukwa!" na wengine wakaitika "Pakawa!", au mtoto alipaza sauti "Kitendawili!" akajibiwa "Tega!". Aliyeshindwa alidaiwa mji. Akitoa Mombasa au Tabora, mtegaji huuzunguka mji huo kwa maneno ya majigambo kabla hajatoa jibu, na mzunguko huo mara nyingi ulikuwa mtamu kuliko kitendawili chenyewe. Kama watafiti wa Harvard wangekuja Pemba na kinasa sauti chao, ingewabidi wakiache wazi kwa saa nzima baada ya watu kunawa.

Ndiyo maana mimi naona kwamba kipande cha kulindwa kwa wivu zaidi katika nyumba zetu si mlo wenyewe, bali nusu saa inayoutangulia na nusu saa inayoufuata. Kabla ya chakula kuna kuchambua mchele, kukuna nazi, kumenya, kupepea jiko la mkaa, na hakuna mahali bora pa kumsikia kijana wa miaka 15 kuliko hapo. Kijana wa umri huo hataki kutazamwa usoni anapoeleza linalomsumbua. Atalisema macho yakiwa kwenye kisu na kitunguu, tena atalisema nusu, na nusu iliyobaki ataisema kesho yake mkimenya tena. Baada ya chakula kuna ule uvivu wa kushiba ambao zamani ulijazwa na hadithi. Simu haikulivamia sinia kwanza, kwa kuwa mkono wenye mchuzi hausogezi kioo. Ilivamia ule uvivu wa baada ya kushiba. Siku hizi mkono ukishafutwa tu, unaingia mfukoni.

Mgeni asiyebisha hodi

Skrini nayo si kitu kimoja, na kuzichanganya zote ndilo chimbuko la ugomvi mwingi wa nyumbani. Familia iliyokusanyika kutazama Simba na Yanga, ikibishana kuhusu mwamuzi na kurushiana utani hadi dakika ya mwisho, iko pamoja kwa namna yake. Macho yao yako mahali pamoja na maneno yanapita kati yao. Televisheni iliyowashwa bila mtazamaji ni jambo jingine. Tafiti za watoto wadogo zimeonyesha kwamba runinga ikiwa inanguruma pembeni, wazazi huzungumza na watoto wao kidogo zaidi, hata kama hakuna anayeitazama kwa makini. Kwa hiyo jibu la swali la taarifa ya habari ni hili: ikiwa inatazamwa na kujadiliwa, si dhambi, ikiwa inawaka kwa mazoea tu, inakula maneno ambayo yangesemwa. Simu ya mkononi ni ya tatu, na ndiyo nzito zaidi, kwa sababu humpeleka kila mtu mahali pake, na wenzake hawajui amekwenda wapi.

Kuhusu kiasi, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 mwongozo kwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 haushauriwi kwake muda wowote wa kukaa mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo huo unahusu pia usingizi na kucheza, na ndiyo maana yake: saa moja ya katuni ni saa moja iliyotolewa kwenye kukimbia, kulala au kusikia watu wakizungumza. Haisemwi popote humo kwamba mwanga wa simu unaunguza akili, ingawa sauti za namna hiyo husambazwa sana. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, waliacha mwaka 2016 kutaja idadi moja ya saa kwa watoto wakubwa; walisisitiza badala yake kwamba kila familia ijipangie, na kwamba nyakati za chakula na vyumba vya kulala viachwe bila skrini. Katika katazo lao la watoto wa chini ya miezi 18 walitoa ruhusa moja tu, nayo ni ya simu ya video.

Makosa ya watoto tunayajua. Ya wakubwa hayasemwi sana. Mwaka 2014 daktari Jenny Radesky na wenzake walichapisha walichokiona kwenye migahawa ya vyakula vya haraka huko Boston. Waliwatazama walezi 55 waliokuwa na watoto wadogo, na 40 kati yao walitumia simu wakati wa mlo, wengine tangu mwanzo hadi mwisho. Baadhi ya watoto walinyamaza wakala. Wengine walianza vituko ili watazamwe, na mlezi aliyezama zaidi kwenye simu alikuwa mwepesi wa kujibu kwa ukali. Kwa nini kitu kidogo namna hiyo kinamgusa mtoto? Katika miaka ya 1970 Edward Tronick alifanya jaribio ambalo bado linafundishwa vyuoni: mama aliombwa aache ghafla kuitika kwa uso mbele ya mtoto wake mchanga, abaki amemtazama tu kama sanamu, kwa dakika chache. Mtoto alitabasamu, akanyoosha mikono, akapiga kelele, kisha akageuza uso kwa huzuni. Jaribio hilo halikuhusu simu, na si haki kulitumia kama ushahidi dhidi yake, lakini linaeleza kwamba kwa mtoto uso wa mzazi ni mlango, na mlango uliofungwa ghafla bila maneno humchanganya kuliko mzazi aliyeaga akatoka.

Kwa watu wazima athari ni ndogo, ila ipo. Katika mgahawa mmoja huko Vancouver, zaidi ya watu 300 walikula na marafiki au ndugu, baadhi wakiombwa waache simu mezani na wengine waziweke mbali. Waliokuwa na simu mezani waliufurahia mlo kwa kiasi kidogo kuliko wenzao. Tofauti haikuwa kubwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 hayakudai kuwa kubwa. Mimi siishangai. Mgeni wa Kiswahili hubisha hodi, akasubiri aitikiwe karibu, na akikuta watu wanakula hukaribishwa akanawa. Simu haina hodi. Huingia katikati ya sentensi ya mtu, na ajabu ni kwamba sisi tunaomsema mtoto kwa kumkata mkubwa kauli tunaigeukia simu bila hata kuomba radhi.

Zamu, chumba kimoja na simu ya biashara

Ushauri mwingi umeandikwa kwa ajili ya nyumba yenye sebule, chumba cha chakula na wazazi wanaofika saa 11 jioni. Muuguzi wa zamu ya usiku, dereva wa daladala na mama ntilie anayefunga saa 3 hawamo humo. Kwao swali la "kila jioni" halina maana, na ingawa baadhi ya tafiti nilizozitaja zilihesabu jioni, hakuna iliyoonyesha kwamba ni lazima iwe jioni. Kilicho muhimu ni kipindi kinachojulikana, ambacho mtoto anaweza kukitegemea: Ijumaa mchana baada ya swala, Jumapili baada ya ibada, au chai ya saa 12 asubuhi ambayo mzazi aliyetoka zamu anainywa na mtoto anayekwenda shule. Mambo haya hukusanyika kama sarafu za kibubu. Hakuna anayekipasua kibubu kila usiku kuona kama kimejaa. Na mtoto aliye bweni ana likizo zake, ambapo wiki ya kwanza hupotea kwenye usingizi na simu, hilo si la kuogopwa.

Simu ya wakala wa pesa au ya bodaboda ni duka lake, na kumwambia aizime ni kumwambia afunge duka. Kinachowezekana ni kukubaliana ni simu ipi itabaki macho, ikae kabatini na mlio wake, na mwenye kuitwa ainuke akazungumzie nje, arudi. Nyingine zilale. Katika chumba kimoja cha kupanga, ambapo kitanda, jiko na televisheni viko hatua mbili mbili, kuzima televisheni kwa dakika 20 ni rahisi kuliko kutafuta chumba kisicho na skrini. Kwa vijana, amri ya ghafla haifiki mbali, kwa kuwa makundi yao ya simu ndiyo kijiwe chao, na atakayeondolewa kijiweni bila kuulizwa atarudi kwa mlango wa nyuma. Nyumbani kwangu tulitangaza marufuku ya wiki nzima. Ilivunjika siku ya tatu, na aliyeivunja ni mimi. Tulichobaki nacho ni kidogo zaidi: simu zinakaa juu ya jokofu tangu wali unapopakuliwa mpaka vyombo vinapokauka, na anayeosha vyombo ndiye anayechagua mada.

Waliokuwa Dar es Salaam wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 wanakumbuka kilichotokea mitaani. Watu walitoka nje na viti vyao, chaji ikatunzwa kwa ajili ya dharura, na majirani waliokuwa hawajasalimiana kwa miezi wakajikuta wanabishana kuhusu bei ya sukari. Kisha sauti ya watoto ikapasuka kutoka nyumba moja hadi nyingine, "Umerudi!", na katika dakika moja kibaraza kikabaki kitupu. Ndiyo tofauti niliyoitaja mwanzoni kati ya skrini iliyozimika na skrini ambayo watu wamekubaliana kuizima.

Linabaki swali la bibi na simu ya video. Kwa familia nyingi za pwani yupo mtu Muscat, Doha au Dubai, na kwa familia nyingi za Kenya yupo mtu Minneapolis, Marekani, na kwa hao skrini ndiyo njia pekee ya kulifikia sinia. Muscat imeitangulia Dar es Salaam kwa saa 1 tu, kwa hiyo baba aliye huko anaweza kula chake wakati wao wanakula chao. Wa Minneapolis atakuwa na kikombe cha asubuhi wakati Nairobi inapakua ugali. Kinachoharibu ni ile desturi ya kuipokezana simu mkono kwa mkono, kila mtu akisema haloo unanisikia, kisha akaikabidhi kwa mwingine kama anayekwepa zamu. Ikiegemezwa kwenye kopo la sukari pembeni mwa mkeka ikaachwa hapo, anayepiga anaona watu wakila, wakinyamaza, wakigombania ukoko, na hana haja ya kuongea muda wote. Vyombo vikiondolewa, anaweza kutega kitendawili kama mwingine yeyote, na mtandao ukikatika kabla jibu halijatoka, ana haki ya kudai mji.